Kambere Mmoja kati ya Sita

Emérence Kavugho alisema neno moja tu, "Hauko," na mtu mzima akapigwa mbele ya watoto wake.

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa nane, siku ya kugawa chakula, mwaka ule Kayna ilipoanguka mikononi mwa waasi na watu wa kule wakapanda kwa miguu mpaka Butembo. Foleni ilianza saa kumi na mbili asubuhi kwenye uwanja wa mpira pale Vulamba, na kufika saa tano jua lilikuwa limewakausha watu midomo. Emérence aliketi nyuma ya meza ya mbao na kompyuta yake. Aliuliza jina, akalitafuta, akasema "Uko, pita kule," na mtu akachovya kidole kwenye wino, akaenda kupokea unga wa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Kwenye meza ya pili mwenzake Grady alifanya kazi ileile.

Mwanaume aliyefika mbele yake alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake limechanika begani. Alivua kofia.

"Kambere wa Kayna," alisema. "Muke moja, batoto bane."

Emérence akaandika. Kambere, mwanaume, Kayna, tarehe moja mwezi wa kwanza 1985. Jina moja likatokea, na pembeni yake alama ya kijani.

"Papa, ulishakamata."

"Hapana, mama. Miye ndiyo nafika sasa hivi."

"Inaandikwa ulikamata saa tatu. Hauko tena kwa liste. Hauko."

Hakulisema kwa ukali. Lakini walio nyuma yake walikuwa wamesimama saa tano nzima bila kula, na walichosikia ni kwamba huyu amepokea na anataka kupokea tena. Mmoja akamvuta koti. Mwingine akamsukuma. Polisi wawili waliowekwa kulinda foleni, badala ya kuwatenganisha, waliimalizia kazi: kitako cha bunduki mgongoni, kisha kingine usoni. Mke wake alikuwa kando na watoto wanne, wameshika gunia tupu. Yule mdogo kabisa alicheka, akidhani ni mchezo, mpaka alipoona damu.

Foleni ikajipanga upya.

"Mwenye kufuata," alisema Emérence, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema.

Siku ile alisema "Hauko" mara sitini na moja. Aliporudi nyumbani mama yake alimwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani ikapoa, mama akaifunika.

*

Kosa lilikuwa limepandwa mwezi mmoja nyuma, na mkono wake ulikuwemo.

Shirika lililomwajiri, moja kati ya yale madogo yanayozaliwa na vita na kufa na vita, lilipewa wiki moja kuandikisha familia elfu tatu. Mkubwa wa orodha alikuwa Octave, mtu wa Kinshasa, mwenye suruali za pasi na sauti ya upole ambayo haikupanda kamwe. Siku ya kwanza aliwaambia waandikishaji: "Prénom, acheni. Jina moja inatosha. Mutu hajue tarehe yake ya kuzaliwa, wekeni tarehe moja, mwezi ya kwanza. Bongo, hivi, tutamaliza mbio."

Emérence alijua kwamba jina moja halitoshi. Yeye mwenyewe ni Kavugho, na katika barabara yao peke yake kulikuwa na akina Kavugho watano. Kwa Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo kila mlima umejaa akina Kambere na akina Kavugho, na prénom ya ubatizo ndiyo inayomtenga mtu na jirani yake. Alijua hayo tangu utotoni. Lakini mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, Octave alikuwa na haraka, naye akaacha prénom.

Tarehe mbili ya mwezi wa nane, Octave aliifungua programu ya orodha, akabonyeza penye neno la kusafisha. Mashine ikatafuta watu wanaofanana jina, mwaka na kijiji, ikawaunganisha. Akina Kambere sita wa Kayna, wote wamezaliwa siku moja kwenye karatasi, wakawa Kambere mmoja. Kwa jumla zilipotea hivyo familia mia nne na kumi na mbili. Octave aliandika ripoti kwamba orodha yake sasa ni safi kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, akapongezwa na wakubwa kwa barua.

Siku ya pili baada ya kupigwa, yule mwanaume alikuja kwenye dirisha la biro. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Alivua kofia tena.

"Wavukire, mama," alimsalimia kwa Kinande. "Jina yangu ni Kambere Zacharie. Nilikuwa nafundisha darasa ya ine kule Kayna. Miye hapana mwizi. Angaliya tena, tafazali."

Emérence alitafuta tena. Akaifungua picha iliyoambatana na lile jina. Ilikuwa sura ya mzee mwenye mvi, mtu mwingine kabisa.

Alipanda juu kwa Octave.

"Chef, mashini iliunganisha batu tofauti. Namna gani tunaweza kubarudisha?"

Octave alikuwa anamenya karanga, akizipanga kwenye karatasi. "Sijue, ma chère. Miye sikutengeneza ile logiciel."

"Nani anajua?"

"Aide iko pale, mu internet. Tafuta weye mwenyewe. Ulisoma, non?" Akatabasamu. "Ukipata, uniambie."

*

Ile Aide, yaani msaada wa programu, ilikuwa maelfu ya kurasa za Kifaransa kwenye mtandao, zimeandikwa na watu wasiojua kama kuna mahali panaitwa Kayna. Juu kabisa palikuwa na kisanduku cheupe cha kuandika unachotafuta. Biro nzima ilitumia akaunti moja, kwa sababu shirika lilinunua moja tu. Mtandao ulikuja polepole. Ukurasa mmoja ulichukua dakika nne kufunguka, na jenereta ikikohoa unaanza upya. Emérence alipata nafasi mchana tu, Octave anapokwenda kula.

Mara ya kwanza aliandika kama mtu anayemwandikia askofu barua. Kwa Kifaransa safi aliuliza angewezaje, tafadhali, kuzirudisha familia zilizofutwa kwa makosa. Jibu: kurasa elfu moja mia moja na ishirini na sita. Alifungua ya kwanza, ikamweleza jinsi ya kufuta picha. Ya pili ilihusu kubadili rangi za meza. Alifungua kumi na moja, na saa yake ya mchana ikaisha.

Kesho yake alipunguza maneno. Aliandika "effacer", kufuta. Akaletewa namna ishirini za kufuta vitu, hakuna hata moja ya kurudisha. Aliandika "perdu", kupotea, akafundishwa la kufanya mtu akisahau neno la siri. Aliandika "famille", mashine ikamjibu kwamba hakuna ukurasa wenye neno hilo. Programu iliyotengenezwa kuhesabu familia haikulijua neno familia.

Zacharie alirudi mara ya pili.

"Niko natafuta, papa," Emérence alimwambia. "Rudia juma ingine."

"Sawa, mama. Wasingya," akashukuru, akavaa kofia.

Juma lile alitafuta kila mchana, kila mara kwa maneno ya moyo wake: kosa, msaada, chakula, haraka. Ukurasa haukuja. Grady alimwona na kumwonea huruma ya mbali, kama unavyomwonea mtu anayesukuma gari peke yake. "Yaya, achiya," alimwambia, kama mtu na dada yake mkubwa. "Mukataba ikiisha, tutaenda. Hii haiko yetu."

Tarehe ishirini Zacharie alikuja mara ya tatu. Uso ulikuwa umepona upande mmoja, upande mwingine umebaki umevimba. Safari hii mke wake alikuwa nyuma yake, mwanamke mfupi aliyejifunga mtoto mgongoni.

"Huyu ni Victoire, muke yangu," Zacharie alisema. "Nilitaka akuone, asiseme namudanganya."

Victoire hakusalimia.

"Naomba siku ingine tatu, papa," Emérence alisema.

"Siku tatu ya namna gani, mama? Batoto banakula siku?" Alilisema bila hasira, kama mwalimu anayemsahihishia mtoto hesabu. "Niliacha viazi mu shamba, bilisha komaa. Batu banasema basoda ya waasi balisogea kidogo. Nitashuka, nichimbe gunia moja, nirudi."

"Kule kuna vita."

"Na hapa kuna nini?"

Zacharie alivaa kofia, wakaondoka. Victoire alikuwa wa kwanza kugeuka.

*

Tarehe ishirini na saba, Jumanne, Emérence aliacha kuuliza maneno yake akaanza kuangalia mashine yenyewe inasemaje. Alirudi kwenye programu, akatafuta ule ujumbe ilioutoa siku ya kusafisha. Ulikuwa bado upo, chini kabisa, kwa herufi ndogo: kazi imekamilika, "412 fusions".

Fusion. Kuunganisha. Wiki mbili na nusu amekuwa akiuliza juu ya watu waliofutwa, na kwa mashine hakuna mtu aliyefutwa. Waliunganishwa. Palepale juu ya ujumbe akaona kwamba familia nayo wanaiita "ménage".

Akarudi kwenye Aide, akaandika "fusion". Kurasa themanini na saba. Nyingi mno, lakini zote zilikuwa za jambo lake. Sasa akafikiria jina ambalo mwandishi wa Aide angeupa ukurasa anaoutafuta yeye, akaanza kuandika "annuler", kubatilisha.

Alipofika herufi ya tatu, kisanduku kikashusha chini yake orodha fupi ya maneno yaliyowahi kutafutwa kwa akaunti ileile, kila moja na tarehe yake. Mara zote alizoanza na maneno mengine hakikumwonyesha kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutafuta kwa maneno yake. Kwa haya, mtu alikuwa ametangulia.

annuler fusion, tarehe tano mwezi wa nane.
annuler fusion délai, tarehe tano mwezi wa nane.
annuler fusion qui peut voir, tarehe tano mwezi wa nane.

Alisoma mara mbili. Kubatilisha. Muda wa kubatilisha. Nani anaweza kuona. Siku tatu baada ya kusafisha, na siku tatu kabla ya foleni, mtu alikuwa amekwisha kuuliza kila kitu. Biro ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyegusa mambo ya fusion.

Aliweka maneno ndani ya alama za kunukuu ili yatafutwe yakiwa pamoja. Kurasa tatu. Ya kwanza ilionyesha vitufe ambavyo kwake havikuwepo. Akaona pembeni mahali pa kuchagua toleo la programu, akachagua namba iliyoandikwa chini ya skrini yao. Ukabaki ukurasa mmoja.

Ulikuwa mfupi kuliko sala ya chakula. Fusion yoyote inaweza kubatilishwa na msimamizi ndani ya siku thelathini. Baada ya hapo, taarifa za zamani hufutwa zenyewe, na hakuna awezaye kuzirudisha.

Alihesabu kwa vidole. Zilibaki siku tano. Aliunakili ukurasa wote kwenye daftari, kwa mkono.

*

Octave aliporudi na harufu ya samaki na pilipili, Emérence alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Chef, nilipata. Ni fusion. Inarudishwa na administrateur, mbele ya siku makumi tatu."

"Ah, bon," alisema Octave, akaketi.

"Na weye ulijua. Tangu tarehe tano ulijua. Iko inaandikwa mu Aide."

Hakushtuka. Alichukua kitambaa akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Funga mlango," alisema. Kisha: "Nilituma rapport, tarehe tatu. Liste safi, bote banafurahi. Sasa niseme nini? Kwamba batu mia ine banakosa chakula ju yangu?"

"Banakosa, chef. Ni kweli banakosa."

"Banaishi. Ulishasikia mutu moja alikufa? Batu ya huku balishaka zoea." Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Na nani aliacha prénom? Mukono ya nani iliandika Kambere, Kambere, Kambere? Mu système, ile kazi iko na jina yako. Siku tano tu, ma chère. Kisha hakuna tena kitu ya kuona. Kaa kimya, mukataba yako nitaongeza."

Emérence alichukua daftari lake, akashuka. Alipofika chini kwenye meza yake, neno la siri lilikuwa limebadilishwa. Grady aliangalia pembeni.

Msimamizi mwingine alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Beni.

Alhamisi asubuhi Emérence alipanda taksi ya watu saba. Hakumwambia mama yake anakwenda wapi, kwani barabara ile imekula watu wengi. Baada ya Maboya dereva alizima muziki, na kwenye mlima wa Kabasha kila abiria aliangalia majani upande wake. Kwenye kizuizi askari aliwapekua mifuko, akalifungua daftari lake, akasoma kidogo kuhusu fusion, akalirudisha.

Maman Antoinette wa biro ya Beni alikuwa mtu wa Kisangani, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumpa kiti.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, maman."

"Octave anajua uko huku?"

"Hapana."

Antoinette akaguna. Akaifungua Aide mwenyewe ili ahakikishe, akaandika sentensi ndefu. Kurasa zikaja mia tisa. "Hakuna kitu hapa," alisema.

"Maman, tafazali. Weka maneno mbili tu: annuler, fusion. Weka guillemets. Na chagua version yetu pale pembeni."

Antoinette alifanya. Alisoma ule ukurasa huku midomo ikicheza. Kisha akaingia kwenye programu, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini: akina Kambere, akina Kavugho, akina Muyisa, yamefungwa mafungu mafungu kama kuni, na chini yake swali moja, kama anataka kuyatenganisha yote mia nne na kumi na mawili.

Emérence aliziba mdomo kwa mkono.

"Ngoja," Antoinette alisema. "Kazi iko na utaratibu yake." Akachukua simu akampigia Octave.

Emérence alisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, yuko hapa... Ah?... Ah, donc ulisha ona?... Sawa, sawa, kumbe..." Antoinette akaweka simu mezani, akamtazama Emérence kwa macho mapya, ya baridi.

"Anasema aligundua kosa yako tangu siku nyingi. Alikuwa anangoja ruhusa ya kurekebisha. Anasema ulimukimbia ju ya kuficha aibu yako."

"Maman, si kweli. Angalieni tarehe tano..."

"Miye sitafute maneno ya batu," Antoinette alisema, akabonyeza. Dakika sita zikapita. Familia mia nne na kumi na mbili zikawa zimerudi. "Haya. Imekwisha. Rudi kwenu."

*

Jumatatu barua ilikuwa mezani: kosa zito la kazi, kuacha majina muhimu, kuondoka kituoni bila ruhusa. Pale pale ukutani palibandikwa tangazo kwamba Octave, kwa kuokoa orodha, atasimamia pia vituo vya Lubero. Grady aliketi penye kompyuta ya Emérence, ambayo ilikuwa bora kuliko ile yake.

Emérence alichukua daftari na kikombe chake, akaenda moja kwa moja kambini, kwa Zacharie. Alitaka kumwambia mwenyewe kwamba sasa yuko.

Victoire alikuwa ameketi nje ya kibanda cha mabanzi na turubai, akichambua mboga za majani alizookota. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Emérence aliona kichwa kile, akasimama.

"Balimupata mu shamba," Victoire alisema, bila kuinua macho. "Batu yenye balikimbia tena ndiyo balileta habari. Gunia ilikuwa imejaa nusu. Balimuzika palepale, ju njia ya kumubeba haikukuwa."

"Siku gani?"

"Dimanche."

Ile Jumapili ilikuwa tarehe ishirini na tano. Emérence alikuwa amelipata neno tarehe ishirini na saba. Aliketi chini kwenye udongo. Alitaka kusema mambo mengi: kwamba alitafuta kila mchana, kwamba Octave alijua, kwamba majina yamerudi. Alisema la mwisho tu.

"Jina yake ilirudi."

Sasa Victoire alimtazama. "Irudi wapi?"

*

Siku ya kugawa ya pili, mwezi wa tisa, Emérence alisimama nje ya kamba iliyozungushwa uwanjani, pamoja na watu wa kupita. Alimwona Victoire akifika mbele ya Grady na watoto watatu, wa nne mgongoni.

"Kambere Zacharie," alisema Victoire.

Grady akaandika, akapitia picha za akina Kambere wa Kayna mpaka Victoire akamwonyesha ya mume wake. "Yuko. Yeye wapi?"

"Alikufa."

"Hapa inaandikwa yuko. Inaomba chef de ménage, mukubwa ya familia, mwenyewe, na kidole yake." Grady akatafuta kwenye skrini, jasho likimtoka. "Mama, siwezi. Mwenye kufuata."

Emérence alipita chini ya kamba. "Grady! Kuna ukurasa yake. Andika chef de ménage, kisha changer, kubadilisha. Utaona."

Octave, aliyekuwa amesimama chini ya mwavuli na wageni wawili, aliinua kidole kimoja tu. Polisi wakamshika Emérence mikono, wakamburuta, kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Watu wa foleni walitazama. Baadhi yao walikuwa na majina yaliyorudi mwishoni mwa mwezi wa nane, lakini hawakumjua, na kama wangemjua wangemkumbuka kwa neno "Hauko" alilowaambia.

Akiwa chini nje ya kamba, aliona Grady ameinama juu ya kompyuta. Hakumtazama yeye wala Octave. Vidole vyake viliandika, vikangoja, vikaandika tena. Ilichukua muda mrefu, na foleni ikaanza kunung'unika. Kisha Grady akaugeuza uso, akauvuta mkono wa Victoire, akakichovya kidole chake kwenye wino.

Victoire alipewa unga, maharagi, chumvi na galoni ya mafuta. Alifunga gunia kwa kamba, akaipitisha kamba juu ya paji la uso, akainuka nalo mgongoni; mtoto alikuwa sasa mgongoni kwa dada yake. Galoni haikupata mkono wa kuibeba.

Emérence alichechemea mpaka kwake, akaiinua. "Leta nikusaidie, mama."

"Achiya," alisema Victoire. "Weye kazi yako ulisha maliza."

Akaanza kupanda mlima, watoto wakimfuata mmoja nyuma ya mwingine. Emérence alibaki na mafuta mkononi, mguu mmoja hauna kiatu. Kisha akawafuata, hatua ishirini nyuma, bila kuita. Walipofika kambini waliingia ndani, na turubai la mlango likashushwa. Aliiweka galoni chini penye mlango, akasimama kidogo. Ndani alisikia mtoto akiuliza ni nani yuko nje, na sauti ya mama yake ikijibu kwamba hakuna mtu.